Kabla ya kufunga kifaa, tuitazame hesabu ya tajiri

Gari nyingi zinazopanda na kushuka vilima vya Pemba zilitumika kwanza Japani, na baadhi yake bado zinasema Kijapani. Washa Noah au IST iliyoingia kisiwani karibuni, na huenda ukasikia sauti ya mwanamke ikieleza kwamba kadi ya ushuru wa barabara haijatiwa. Kifaa hicho kilikusudiwa kuwasiliana na mageti ya barabara kuu za Japani, ambayo tangu mwaka 2001 hukata ushuru bila ya gari kusimama. Skrini iliyo karibu yake nayo ilitengenezwa kupokea taarifa za misongamano na ajali kupitia mfumo wa VICS, ulioanza kazi mwaka 1996. Hapa kwetu hakuna geti la kuitikia wala kituo cha kutuma taarifa. Sauti inaendelea kusema, dereva anaizoea, na baada ya muda hata abiria hawaisikii. Wengi hulifanya jambo hili kichekesho, lakini limebeba suala zito ambalo Zanzibar itapaswa kulijibu: gari ikiwa na kifaa kinachosema, nani yuko upande wa pili kusikiliza, na akishasikia anafanya nini?

Kwa ndugu zetu wa Tanzania Bara suala hilo limeshatoka kwenye nadharia. Mabasi ya masafa marefu yamekuwa yakifuatiliwa kwa mfumo wa VTS tangu enzi za SUMATRA, mamlaka ya zamani ya usafiri, na kazi hiyo ikarithiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kifaa kilichofungwa ndani ya basi hutuma taarifa za mahali lilipo na mwendo wake. Basi likipita kiwango kilichowekwa, kifaa hulia na taarifa humfikia msimamizi. Baadaye kikaongezwa kitufe cha utambulisho, kiitwacho i-button, ili ijulikane ni dereva yupi aliyeshika usukani. Mabasi yaliporuhusiwa kusafiri saa 24 kuanzia Oktoba 1, 2023, baada ya marufuku ya usiku iliyodumu tangu miaka ya 1990, mfumo huu ulikuwa moja ya nyenzo za kuzisimamia safari hizo. Mkono wa LATRA, hata hivyo, unaishia Bara. Gari za abiria za Pemba na Unguja ziko chini ya sheria na taasisi za Zanzibar, ikiwemo Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003. Si ajabu basi kwamba wapo wanaouliza kwa nini na sisi tusifunge vifaa hivyo. Nami naona vifungwe, kwa sharti moja: kabla ya kufungwa, tubadilishe namna dereva anavyolipwa na tuamue nani ataziona taarifa zake. Kifaa kikiwekwa juu ya utaratibu wa malipo tulionao sasa, kitamfundisha dereva namna ya kukikwepa.

Tabia ya dereva mbele ya teknolojia tunaijua tayari kupitia chombo cha zamani zaidi, ile rada ya mkononi ya trafiki ambayo madereva wameipa jina la tochi. Tochi hupima mwendo wa gari katika sehemu moja ya barabara. Dereva anayejua hilo huzisoma sehemu zenyewe: pale trafiki wanapopenda kusimama huenda taratibu, na akishawapita hukanyaga mafuta kufidia dakika alizopoteza. Mwenzake anayekuja upande wa pili humuwashia taa kumtahadharisha. Siku hizi kazi ya taa imechukuliwa kwa sehemu na makundi ya WhatsApp, ambamo habari za trafiki walipo husambaa kabla hawajamaliza kuteremka kwenye gari yao. Kwa maana hiyo madereva wetu wameshaunganishwa kimtandao, tena kwa kasi ambayo ofisi yoyote ya serikali ingeionea wivu. Wameunganishwa ili wasikamatwe, na ili wausome ujumbe huo hulazimika kuitazama simu huku gari inakwenda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali wa takriban mara nne zaidi ya asiyetumia. Chombo kilicholetwa kupunguza hatari moja kimesaidia kuzaa hatari nyengine.

Na mwendo wenyewe si jambo dogo. Shirika hilo linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia moja tu, ajali zinazoua hupanda kwa takriban asilimia nne. Barabara za Pemba hazimpi dereva nafasi kubwa ya kusahihisha kosa. Kona hufuata kona, mteremko huishia kwenye bonde la mpunga, watoto wa skuli hutembea ukingoni mwa lami kwa sababu hakuna njia yao, na msimu wa karafuu majamvi ya kuanikia hutandikwa hadi kando ya barabara. Katika lami hiyo hiyo wamo waendesha baiskeli, pikipiki na gari ya ng'ombe. Lami mpya huongeza tatizo badala ya kulimaliza, kwa kuwa mashimo yaliyokuwa yakimlazimisha dereva kwenda pole yakishazibwa, hakuna kingine kinachomzuia. Ndiyo maana namna ya kumfanya dereva apunguze mwendo kwa hiari yake, hata pale ambapo hapana tochi wala tuta, ina uzito hapa kuliko katika barabara pana ya Dodoma au Chalinze.

Nchi zilizotutangulia kwa magari zililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1975 mchumi wa Marekani Sam Peltzman alidai kwamba vifaa vya usalama vilivyolazimishwa kwenye magari havikupunguza vifo kama ilivyotarajiwa, kwa sababu dereva anayejiona salama huendesha kwa ujasiri zaidi. Dai hilo lilipingwa vikali, na leo hapana shaka kwamba mkanda huokoa maisha. Lakini kiini cha hoja yake kilipata nguvu mjini Munich, Ujerumani, katika miaka ya 1980, pale teksi zenye breki za ABS zilipolinganishwa na zisizokuwa nazo. Ajali hazikutofautiana kwa kiasi cha maana, na madereva wenye breki bora walionekana wakikata kona kwa ukali zaidi. Mwaka 2021 taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, iliripoti kwamba madereva walio na mfumo wa gari kujishikia mwendo wenyewe walivuka kiwango mara nyingi zaidi walipoutumia kuliko walipoendesha bila yake. Hata hivyo taasisi hiyo hiyo imeonesha kwamba breki za dharura zinazojikamata zenyewe hupunguza karibu nusu ya ajali za kugonga gari ya mbele. Tofauti iko wazi. Breki inayojikamata haimtaki dereva akubali lolote. Kifaa kinacholia, kinachorikodi au kinachoripoti kinahitaji ridhaa yake, na VTS ni ya kundi hili la pili. Kazi yetu ni kujua dereva wa Pemba ataridhia kwa faida gani.

Jibu lililo karibu nasi zaidi liko Kenya. Mwaka 2003 waziri wa uchukuzi John Michuki alitoa kanuni za matatu, yaani gari za abiria za huko, zilizoanza kusimamiwa kwa nguvu Februari 2004: mikanda kwa kila abiria na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Barabara zilitulia kwa kipindi. Usimamizi ulipolegea, vidhibiti vikachezewa na mbio zikarudi. Miaka zaidi ya kumi baadaye watafiti Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer wakajaribu njia ya kisasa zaidi. Walifunga vifaa vya kufuatilia katika matatu 255 za Nairobi, kisha wakawapa baadhi ya wenye gari programu ya simu inayowaonesha gari iko wapi, imekwenda umbali gani na inaendeshwaje. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la American Economic Review mwaka 2024, yanapaswa kusomwa na kila anayetaka kufunga vifaa Zanzibar. Wenye gari walinufaika: walirekebisha masharti yao na madereva, gari zikaacha kuharibiwa ovyo, gharama zikashuka na faida ikapanda. Usalama wa abiria na watembea kwa miguu haukuimarika kwa sababu tu mwenye gari anaona. Uliimarika pale watafiti walipowalipa madereva motisha ndogo ya fedha kwa kuendesha salama.

Kwa nini mwenye gari aone kila kitu, na abiria abaki katika hatari ile ile? Kwa sababu mwenye gari alitazama kilichomgusa yeye: springi, matairi, mafuta na mapato. Utaratibu huo unafahamika vizuri kwetu pia. Dereva wa gari ya abiria hukabidhiwa gari kwa sharti la kupeleka hesabu ya siku kwa tajiri, yaani mwenye gari. Akishatoa hesabu, akajaza mafuta na kumpa utingo chake, kinachobaki ndiyo riziki ya watoto wake. Siku ikiwa mbaya, tajiri hupata hesabu yake na dereva hurudi nyumbani mikono mitupu. Katika hali hiyo kila abiria aliyechukuliwa na gari ya mbele ni fedha iliyotoka mfukoni mwa dereva. Katika njia za Chake Chake kwenda Mkoani, Wete au Konde, ambako gari za namba 603, 606 na 602 hufuatana zikiwania abiria wale wale, mbio huwa ndiyo njia ya kumaliza hesabu mapema. Abiria naye ana mchango wake, hasa anayewahi boti Mkoani, maana yeye mwenyewe humhimiza dereva akanyage. Ukimfungia mtu huyu kifaa kinacholia bila ya kugusa hesabu, umemwekea kelele juu ya dhiki. Atatafuta waya wa kuuchomoa, kama walivyofanya baadhi ya madereva wa mabasi ya Bara, hadi LATRA ikalazimika kuwachukulia hatua waliochezea mfumo.

Upo ushahidi mwengine kutoka Kenya unaotuonesha nani anapaswa kuketi upande wa pili wa taarifa. James Habyarimana na William Jack wa Chuo Kikuu cha Georgetown walibandika ndani ya matatu vibandiko vilivyowahimiza abiria wamkemee dereva anayekimbiza gari, na wakaweka bahati nasibu ya wiki kwa madereva ambao vibandiko vyao havikubanduliwa. Katika jaribio la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, madai ya bima yalipungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Katika jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, yalipungua kwa kati ya robo na theluthi moja. Kampeni hiyo, iliyokuja kujulikana kwa jina la Zusha!, haikutumia setilaiti wala intaneti. Ilitumia abiria, mtu pekee aliyemo ndani ya gari safari nzima na ambaye roho yake imo rehani. Pemba abiria huyo mara nyingi hunyamaza kwa kumstahi dereva, ambaye ni kijana wa jirani au mtoto wa shemegi. Kibandiko humpa ruhusa ya kusema, na takwimu ya mwendo inayoonekana na wote humpa la kuonesha badala ya kubishana. Kifaa kinachopeleka taarifa ofisini peke yake kimemruka shahidi aliye bora.

Nionavyo, mahali pa kuanzia ni barabara ya Chake Chake hadi Wesha. Ni fupi, inaishia bandarini, na gari iliyoingia haina budi kurudi kwa njia ile ile. Inapitisha malori ya mafuta yanayopakia Wesha, gari za abiria, pikipiki za wabeba samaki na watoto wa skuli kwa pamoja, kwa hiyo inabeba karibu kila aina ya hatari ya kisiwa hiki. Faida kubwa ya kifaa cha ndani ya gari, ukikilinganisha na tochi, ni kwamba hupima safari yote. Ikijulikana gari imetoka Chake saa ngapi na imefika Wesha saa ngapi, wastani wa mwendo unapatikana kwa hesabu nyepesi, na hapana sehemu ya kupunguza wala ya kufidia. Zianze gari za mafuta, kwa sababu wenye malori hayo ni wachache na hatari yao ni kubwa, kisha zifuate gari za abiria. Wastani wa kila gari utangazwe kila wiki kituoni Chake na katika ofisi ya sheha wa Wesha, pamoja na namba ya gari, ili mzazi na abiria wajue wanapanda gari ya namna gani. Mwenye gari anayetaka leseni ya njia awe na mkataba wa maandishi na dereva wake, wenye ujira wa chini usiotegemea hesabu ya siku na nyongeza kwa mwezi usiokuwa na ukiukaji. Bila ya kipengele hicho cha mkataba, mengine yote niliyoyataja yatakuwa mapambo.

Wapo watakaosema Bara imefanikiwa kwa kifaa na adhabu tu, kwa hiyo haya mengine ni ya ziada. Sikatai kwamba VTS imeleta nidhamu katika mabasi makubwa. Lakini basi la masafa marefu aghalabu ni la kampuni, tiketi hukatwa kabla ya safari, na abiria hawagombewi njiani. Gari yetu ya abiria hujazwa mtu mmoja mmoja kando ya barabara, na mapato yake ya siku hayajulikani mpaka jua lizame. Huwezi kuchukua dawa ya biashara ile ukaipeleka katika biashara hii kwa kipimo kile kile. Tena kuanza na faini kuna gharama zake. Juni 2025 Uganda ilianzisha faini za moja kwa moja kupitia kamera na ikausimamisha mfumo huo muda mfupi baadaye, kufuatia malalamiko makubwa ya wananchi. Wenye gari walikuwa wakiletewa faini kwenye simu kabla hawajaamini kwamba mfumo umekusudiwa kuwalinda. Mfumo uliopoteza imani ya watu mwanzoni tu ni mgumu kuurejesha.

Wengine watasema Pemba ina haja ya gari za wagonjwa na njia za waendao kwa miguu kabla ya vifaa vya kufuatilia mwendo. Hoja hiyo ina uzito, na ingekuwa lazima kuchagua kimoja ningechagua njia ya miguu. Lakini kifaa cha kufuatilia gari hakihitaji kamera barabarani wala nguzo mpya. Hutumia betri ya gari na mtandao wa simu uliopo, na kinapokosa mawimbi bondeni huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye. Gharama yake kwa gari moja ni ndogo mno ukiilinganisha na bei ya gari yenyewe. Suala la faragha ni zito zaidi. Taarifa za mahali alipo dereva kila dakika zinaweza kutumiwa kumwinda kwa mambo yasiyohusiana na usalama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshatukumbusha kwamba taarifa za mtu si mali ya anayezikusanya. Kwa hiyo kanuni za Zanzibar ziseme wazi: kinachotangazwa ni mwendo wa gari ikiwa kazini, taarifa za nje ya kazi zisikusanywe, na kumbukumbu zifutwe baada ya muda uliowekwa isipokuwa kuna ajali inayochunguzwa. Dereva naye awe na haki ya kuziona taarifa zake, kwani siku ya ajali huenda zikawa ndizo zinazomtoa hatiani.

Ipo na hoja isiyoandikwa kwenye ripoti lakini husikika kila penye msiba, kwamba ajali ni kudra na hakuna kifaa kinachozuia kilichoandikwa. Aliyetufunza kutawakali ndiye aliyetufunza kumfunga ngamia kwanza. Hakuna anayeiacha ngalawa bila ya nanga pale Wesha kwa sababu bahari ni ya Mwenyezi Mungu, na sioni kwa nini barabara iwe na hukumu tofauti. Kinachofichwa na kauli ya kudra, mara nyingi bila ya msemaji kukusudia, ni sehemu ya binadamu katika ajali: tajiri aliyepandisha hesabu, abiria aliyehimiza mbio, na msimamizi aliyepokea taarifa asiifanyie kazi.

Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanaotoka Pemba wanayo nafasi ya kuuliza mapema, kabla zabuni ya vifaa haijatangazwa na kabla muuzaji hajaja na maonesho yake ya skrini. Waulize mkataba wa dereva utabadilika vipi siku kifaa kitakapofungwa. Waulize abiria na sheha watazipata wapi taarifa za mwendo, na kwa muda gani. Waulize nani ndani ya serikali atalazimika kujibu kwa maandishi pale gari moja itakapovuka kiwango wiki baada ya wiki. Mradi usiokuwa na majibu hayo urudishwe kwa waliouandaa, na fedha zake zijengewe njia za waendao kwa miguu mbele ya skuli za barabara ya Wesha mpaka majibu yapatikane.